Unyakuo, Dhiki Kuu na Waraka kwa Wathesalonike

Wakristo wote ninaowafahamu, kuanzia Mkatoliki anayewahi Misa ya kwanza hadi Mpentekoste anayekesha kila Ijumaa, wanakiri kwamba Yesu Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Maneno hayo yamo katika Imani ya Mitume na katika Imani ya Nikea, na sijapata kusikia mtu akiyakana ndani ya kanisa. Ubishi unaanzia mbele kidogo: je, atarudi mara moja au kwa awamu mbili, je, kanisa litaondolewa kabla ya dhiki kuu au litapita ndani yake, je, miaka elfu ya utawala wa Kristo katika Ufunuo 20 ni miaka ya kalenda au ni zama hizi hizi tulizomo? Mimi nimezaliwa Upare, wilayani Same, katika ukoo ambao maswali hayo yameugawa katika makanisa matatu, na nimekua nikisikiliza namna tunavyojibizana. Ninachotaka kusema ni kwamba fundisho la unyakuo, yaani kwamba waumini watachukuliwa mawinguni kumlaki Bwana kabla ya dhiki kuu, ile miaka saba ya mateso ya mwisho, linalohubiriwa leo redioni na kwenye mikutano ya injili kana kwamba mitume walilikabidhi kwa kanisa neno kwa neno, ni ufafanuzi wa Maandiko uliopangwa katika karne ya 19, na mwumini ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatishwa nalo.

Sisemi haya kwa kumdharau anayeliamini. Mdogo wangu wa kike analiamini kwa moyo wote, na ni mtu wa maombi kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenialika kwenye semina ya Neno kanisani kwake, Dar es Salaam, na huko ndiko nilikolielewa fundisho hili kuliko nilivyowahi kulielewa katika kitabu chochote. Mwalimu wa semina, mwinjilisti mwenye mwandiko mzuri na utaratibu wa kufundisha, alichora mstari mrefu ubaoni. Upande wa kushoto aliandika jina la Artashasta, mfalme wa Uajemi. Kutoka hapo akakata vipande viwili, kimoja cha majuma saba na kingine cha majuma sitini na mawili, na mwisho wa kipande cha pili akachora msalaba. Baada ya msalaba aliacha nafasi pana, akaijaza mistari ya mshazari na kuiita Wakati wa Kanisa. Mwisho wa nafasi hiyo palikuwa na mshale wa kupanda juu, yaani unyakuo, kisha kisanduku kidogo cha miaka saba kilichogawanywa katikati, kisha mshale wa kushuka chini, yaani Bwana kurudi na watakatifu wake, na kulia kabisa kisanduku kikubwa cha miaka elfu. Watu waliinakili chati ile kwa rula. Chini ya kila sehemu mwalimu aliandika aya za Biblia, isipokuwa chini ya ile nafasi pana ya katikati, ambayo ndiyo iliyochukua eneo kubwa kuliko zote ubaoni.

Nafasi hiyo ndiyo kiini cha mjadala. Danieli 9 inazungumzia majuma sabini, na wafafanuzi wengi wa upande huo husoma kila juma kuwa miaka saba, hivyo jumla ni miaka 490. Wanaanza kuhesabu kwenye mwaka wa ishirini wa Artashasta, yule wa Nehemia 2, ambao ni mwaka 445 au 444 KK, na majuma sitini na tisa yanawafikisha kwenye siku za Yesu. Robert Anderson, aliyekuwa ofisa mkubwa wa polisi wa Scotland Yard, Uingereza, alikwenda mbali zaidi mwishoni mwa karne ya 19 akahesabu siku 173,880 hadi Jumapili ya Mitende. Lakini juma la sabini halikufuata. Ili hesabu isimame, saa ya unabii inabidi isimamishwe msalabani na iwashwe tena siku kanisa litakaponyakuliwa, na kila kilichotokea katikati, yaani karibu miaka elfu mbili ya kanisa, kiwe ni mabano ambayo manabii wa Agano la Kale hawakuyaona.

Mjomba wangu ni Msabato, na anaisoma sura ile ile ya Danieli kwa kanuni ile ile ya juma kuwa miaka saba, ila yeye anaanzia mwaka wa saba wa Artashasta, ule wa Ezra 7, yaani 457 KK. Kwake hakuna mapengo. Majuma sitini na tisa yanaishia mwaka 27 BK, Yesu anapobatizwa. Katikati ya juma la mwisho, mwaka 31, anasulubiwa. Mwaka 34 majuma sabini yanakwisha. Kisha anafungua sura ya 8, anachukua zile siku 2,300 kuwa miaka, anaanzia mwaka ule ule 457 KK, na anafika 1844. Nimeziona hesabu hizo katika daftari lake la zamani, zimeandikwa kwa kalamu ya wino na kupigiwa mstari mara mbili. Watu wawili wanampenda Bwana yule yule, wanasoma sura ile ile katika tafsiri ile ile ya Kiswahili, wanatumia kanuni moja ya kuhesabu, na wanatofautiana kwa miaka kumi na miwili mwanzoni na kwa karibu kila kitu mwishoni. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mhubiri apunguze sauti.

Sasa tuangalie fundisho la mdogo wangu lilikotoka, maana historia yake inajulikana. John Nelson Darby alizaliwa mwaka 1800, akawa kasisi wa Kianglikana huko Ireland, akaliacha kanisa lake na kujiunga na kundi la ndugu waliokuja kujulikana kwa jina la mji wa Plymouth. Katika miaka ya 1830, kwenye mikutano ya kujifunza unabii iliyofanyika katika makao ya familia ya Powerscourt, mkoani Wicklow, alianza kufundisha kwamba Israeli na kanisa ni watu wawili tofauti wa Mungu wenye ahadi tofauti, na kwa hiyo kanisa lazima liondolewe duniani kabla Mungu hajarudi kushughulika na Israeli. Wanaolipokea fundisho hili leo mara chache huambiwa kwamba ndugu wenyewe wa Plymouth hawakukubaliana nalo wote. Benjamin Wills Newton, kiongozi mwenzake wa pale pale, alishikilia kwamba kanisa litapita katika dhiki, na ugomvi wao, uliochanganyika na mambo mengine, ulilipasua kundi hilo katika miaka ya 1840. George Müller, yule mlezi wa mayatima wa Bristol ambaye wahubiri wetu hupenda kumtolea mfano katika masomo ya imani, naye hakukubaliana na Darby katika hili.

Darby alisafiri Amerika ya Kaskazini mara kadhaa kati ya 1862 na 1877. Mikutano ya unabii na shule za Biblia za huko zililipenda fundisho lake, na mwaka 1909 Cyrus Scofield akatoa Biblia yenye maelezo ya chini ya ukurasa, iliyochapishwa na Oxford University Press. Maelezo yale yalifanya kazi kuliko hotuba yoyote. Mtu aliyefungua Danieli au Wathesalonike alikuta Neno juu na ufafanuzi chini katika ukurasa mmoja, na baada ya miaka kadhaa hakukumbuka tena ni lipi alilisoma juu na lipi alilisoma chini. Vuguvugu la Kipentekoste lililochipuka Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906 lilikulia katika hewa hiyo, na misheni nyingi zilizokuja Afrika Mashariki zilitoka katika mazingira hayo hayo ya shule za Biblia na mikutano ya unabii. Wamisionari walituletea injili, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Walituletea pia chati, na hawakutuambia kwamba chati ile ilikuwa changa kuliko reli za nchini kwao.

Kanisa la kale liliamini nini, basi? Hapa napo lazima tuseme kweli yote, hata ile isiyoufurahisha upande wangu. Irenei wa Lyon, katika karne ya pili, aliutarajia utawala wa miaka elfu duniani, na Justino Mfiadini kabla yake vile vile. Hipoliti wa Roma, mwanzoni mwa karne ya tatu, alilitenga juma la mwisho la Danieli akaliweka mwisho wa dunia, kwa hiyo wazo la nafasi katikati ya majuma halikubuniwa na Darby. Lakini Irenei na Hipoliti walitarajia kwamba kanisa litamkuta Mpinga Kristo na kuteswa naye, kisha Bwana ndipo aje. Watetezi wa unyakuo wa mapema huleta hotuba moja ya kale inayohusishwa na Efraimu Mshami, isemayo kwamba watakatifu hukusanywa kabla ya dhiki. Wataalamu wanabishana kuhusu tarehe yake na maana yake, na hata tukiwapa, hotuba moja haiwezi kubeba madai kwamba hivi ndivyo kanisa lilivyoamini tangu mwanzo.

Agostino, askofu wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, ndiye aliyegeuza mkondo. Yeye mwenyewe aliwahi kuukubali utawala wa miaka elfu wa duniani, kisha akaiacha imani hiyo, na katika maandishi yake makubwa ya uzeeni akaifafanua miaka elfu kuwa ni zama za kanisa, kuanzia kuja kwa kwanza kwa Kristo hadi kuja kwake kwa pili. Magharibi yote ilimfuata. Waanzilishi wa Kilutheri, wakiwa wameshuhudia jinsi Thomas Müntzer alivyowaongoza wakulima vitani mwaka 1525 kwa mahubiri ya siku za mwisho, waliandika katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, kwamba wanayakataa mafundisho ya wale wasemao kuwa wacha Mungu watautwaa ufalme wa dunia kabla ya ufufuo. Hilo ndilo kanisa nililobatizwa. Kanisa Katoliki nalo lilitamka mwaka 1944 kwamba fundisho la Kristo kuja kutawala kwa kuonekana hapa duniani kabla ya hukumu ya mwisho haliwezi kufundishwa kwa usalama. Wapo pia waliofundisha kwamba injili itaishinda dunia kwanza ndipo Bwana aje, na imani hiyo ilikuwa na nguvu sana kwa Waprotestanti wa karne ya 18 na ya 19, hadi vita vikuu vya dunia vilipoivunja.

Nirudi Upare, kwa sababu huko ndiko mambo haya yalikonigusa. Wasabato walifika Giti, katika milima ya Pare, mwaka 1903, wakiwa na historia ya uchungu mgongoni: William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, aliwaongoza maelfu kumngoja Bwana, hadi wengi wao wakaikazia macho tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Waliobaki waliisoma upya Biblia, wakaliweka tukio la 1844 mbinguni badala ya duniani, na mwaka 1863 wakaunda kanisa rasmi. Tangu hapo wanakataza kutaja tarehe. Watu wengi wa nje hawajui kwamba Wasabato wanaikataa kabisa habari ya unyakuo wa siri. Kwao Bwana atakuja mara moja, kila jicho litamwona, na miaka elfu itapita mbinguni huku dunia ikiwa tupu. Ni waaminifu wa marejeo ya Yesu hata katika jina la kanisa lao, na bado chati ya mdogo wangu ni ngeni kwao kama ilivyo ngeni kwangu.

Bibi yetu alipofariki, ibada ya mazishi iliongozwa na mchungaji wa Kilutheri, na akasoma 1 Wathesalonike 4: “Lakini, ndugu, hatutaki msijue habari zao waliolala mauti, msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini.” Jioni, tukiwa tumekaa uani baada ya wageni wengi kuondoka, mama alimwambia mjomba, “Kaka, leo hata wewe umesomewa aya yako.” Mjomba alijibu kwa upole kwamba ni kweli, maana Paulo anasema wamelala, hakusema wako macho mahali fulani wakitutazama. Mdogo wangu akasema, “Mjomba, samahani, lakini na ule unyakuo si umo hapo hapo? Tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu.” Mama hakusema neno tena. Alikuwa amemzika mama yake mchana huo, na kwake aya ile ilikuwa na jambo moja tu, kwamba atamwona tena.

Nadhani mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Paulo. Waraka ule uliandikwa kujibu huzuni. Wathesalonike walikuwa wamepata msiba. Baadhi ya ndugu zao walikuwa wamefariki kabla Bwana hajarudi, na waliobaki waliogopa kwamba marehemu wao wameikosa siku ile. Paulo anawaambia hawajaikosa: waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, “Kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani, na hivyo tutakuwa pamoja na Bwana milele.” Na anamalizia kwa agizo: “Basi, farijianeni kwa maneno hayo.” Hakuna mahali katika kifungu hicho panaposema kwamba Bwana anageuza njia na kurudi mbinguni kwa miaka saba. Kifungu chenyewe kina mwaliko, sauti ya malaika mkuu na parapanda ya Mungu, na siwezi kuona siri iko wapi katika tukio lenye kelele namna hiyo.

Ni vema pia kukumbuka desturi ya miji ya wakati ule. Mfalme au mgeni mkubwa alipokaribia, wenyeji walitoka nje ya mji kumpokea njiani, kisha wakaingia naye. Hivyo ndivyo ndugu wa Rumi walivyofanya katika Matendo 28: walitoka mpaka Soko la Apio kumpokea Paulo, na safari ikaendelea kuelekea Rumi, haikurudi alikotoka. Wanawali wa Mathayo 25 nao wanatoka kumlaki bwana arusi na wale waliokuwa tayari wanaingia pamoja naye arusini. Hata kwetu, watu wakitoka kumpokea bwana harusi barabarani kwa vigelegele, hawapandi gari lake wakaondoka naye, wanamwingiza nyumbani. Kwa usomaji huo, walioinuliwa mawinguni wanamsindikiza Mfalme anayekuja kutawala na kuhukumu.

Mdogo wangu ana aya zake, na ni aya zenye uzito. Anasoma Ufunuo 3:10, ambapo kanisa la Filadelfia linaahidiwa kulindwa, litoke katika saa ya kuharibiwa iliyo tayari kuujilia ulimwengu wote. Anasoma 1 Wathesalonike 5:9, kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Anasema yule “azuiaye” wa 2 Wathesalonike 2 ni Roho Mtakatifu aliye ndani ya kanisa, na atakapoondolewa ndipo mwasi atakapofunuliwa. Namjibu kwa Yohana 17, Yesu anapomwomba Baba kwa ajili ya wanafunzi wake: “Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu; bali uwalinde na yule mwovu.” Namjibu pia kwa sura ile ile ya 2 Wathesalonike 2, kwa sababu Paulo anaianza kwa kutaja kuja kwa Bwana Yesu na kukusanyika kwetu mbele zake, kisha anasema siku hiyo haiji usipokuja kwanza ukengeufu na mtu wa kuasi kufunuliwa. Kama waumini watakuwa wameshaondoka, kwa nini awape dalili za kuzitazama? Ameniambia bado anaitafakari hoja hiyo, na mimi naitafakari ya kwake ya Filadelfia.

Mabishano ya namna hiyo hayamuui mtu. Kinachoua ni hofu inapowekwa mikononi mwa mtu mmoja anayedai kujua siku. Yesu alisema, “Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake,” na bado orodha ya waliojaribu ni ndefu. Elliot Kamwana alibatiza maelfu ya watu huko Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1908 na 1909 kwa ujumbe kwamba Kristo angerudi Oktoba 1914 na kodi za Wazungu zingekoma. Ukimsoma kwa makini utaona kwamba watu waliokuwa wakitozwa kodi ya kibanda walikuwa na sababu nzuri ya kuutamani ufalme mwingine, na serikali ya kikoloni ilimwondoa nchini. Edgar Whisenant, mhandisi Mmarekani, alitaja siku za Septemba 1988, kwa hesabu iliyoanzia kuundwa kwa taifa la Israeli mwaka 1948 na kuongeza kizazi cha miaka arobaini. Harold Camping alitangaza 21 Mei 2011 kupitia redio na mabango katika nchi nyingi, akasogeza mbele hadi Oktoba, na mwaka uliofuata akakiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alitaja siku mbili za mwezi ule, na simu za vijana wetu zikajaa video zake.

Kwa jirani zetu hofu hiyo imefika mbali zaidi. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa, baada ya viongozi wao kutabiri kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, kuanzia Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi ya watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 imetolewa, watoto wengi wakiwamo. Mhubiri anayeshtakiwa amekana mashtaka, na mahakama itasema yake. Lakini mafundisho ya kwamba shule ni za Shetani, hospitali ni za Shetani, na namba ya usajili wa raia ni chapa ya mnyama, yalikuwa yakisikika hadharani kwa miaka mingi kabla ya msitu ule kujulikana. Huduma Namba ilipoanzishwa Kenya mwaka 2019, si mhubiri mmoja tu aliyesema ni 666. Chanjo ya korona ilipokuja, maneno yale yale yalivuka mpaka yakaingia kwetu, na nilimwona mzazi mwenye akili timamu akikataa kadi ya kliniki ya mtoto wake kwa sababu ilikuwa na namba.

Lazima niwe mwenye haki hapa. Wachungaji wengi wa Kipentekoste wanaofundisha unyakuo kabla ya dhiki waliilaani Shakahola kwa nguvu kuliko sisi, na mdogo wangu alilia alipoziona habari zile. Chati ya ubaoni haimpeleki mtu msituni. Hata hivyo, mwumini aliyefundishwa kwamba kuna tafsiri moja tu, kwamba anayeiuliza maswali ana roho ya ukengeufu, na kwamba kila taarifa ya habari ni aya inayotimia, ameshanyang'anywa kila kitu ambacho kingemsaidia kumkatalia mtu wa namna ile.

Na makanisa yetu ya zamani yana sehemu yao katika lawama hii. Kila mwaka tunaadhimisha majira ya Majilio, tunavaa zambarau, tunasoma masomo ya Bwana anayekuja, na kwa kawaida mahubiri yanageuka kuwa maandalizi ya Krismasi. Katika mafundisho ya Kipaimara tulikariri katekisimu, tukafika kwenye maneno ya kuja kuwahukumu walio hai na wafu, na mwalimu akapita. Ufunuo wa Yohana haukufunguliwa. Kijana anayetoka hapo akiwa na maswali juu ya Gaza, juu ya akili bandia na juu ya chapa ya mnyama atamsikiliza yule aliye tayari kumjibu, na aliye tayari ni mtu mwenye kipaza sauti na ubao. Nimeliomba baraza la wazee la usharika wetu tufundishe Ufunuo jioni za katikati ya juma, sura kwa sura, tukianza na makanisa saba ya Asia na dola ya Kirumi iliyokuwa ikiyatesa, na tuwaeleze watu wazi kwamba kuna njia kadhaa za kuisoma sura ya 20, nani aliifundisha ipi, na lini. Wamekubali, ingawa mzee mmoja aliuliza kama hatutawachanganya waumini. Nilimwambia wameshachanganywa, na waliowachanganya hawakuomba ruhusa ya baraza.

Nimependekeza pia tumwalike yule mwinjilisti wa Dar es Salaam atoe somo la jioni moja, kwa sababu kuna sura moja ambayo upande wetu huipita haraka mno, nayo ni Warumi 11. Paulo anasema ugumu kwa sehemu umewapata Israeli hata utimilifu wa Mataifa uwasili, na kwamba karama za Mungu na mwito wake hazina majuto. Ndugu wa chati wanaishikilia sura hiyo kwa mikono miwili, nasi tuliorithi kwa Agostino tumezoea kusema kwamba Israeli sasa ni kanisa na kufunga kitabu. Sikubali kwamba sura hiyo inadai kanisa liondolewe kwanza, wala kwamba inampa Mkristo sababu ya kuunga mkono kila vita inayopiganwa Mashariki ya Kati. Lakini Paulo alikuwa akizungumza juu ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili, watu halisi wenye majina, na mwalimu yeyote wa kwetu atakayesimama jioni ile itampasa aeleze Mungu amewaahidi nini watu hao, naye mwinjilisti akiwa ameketi mbele yake na Biblia wazi.